Wauzaji wa ruta wawafundishe wateja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu intaneti ya majumbani, ambayo sasa imeingia hata huku kwetu Kilangali, wilayani Kilosa.

Wako wanaodhani hii ni anasa. Sivyo. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa njia ya mtandao, na matokeo ya Baraza la Mitihani hutazamwa humo humo. Mtandao ukikatika siku za mwisho za maombi, mzazi ambaye ni mkulima wa mpunga hulazimika kutoa nauli ya bodaboda ili mtoto aende Kilosa mjini.

Inasikitisha kwamba wauzaji wengi wa ruta humkabidhi mteja boksi, wakapokea fedha na kumwambia achomeke kwenye umeme, basi. Mteja haelezwi kwamba mawimbi yana safari mbili: ya kwanza kutoka mnara wa kampuni hadi kwenye ruta, ya pili kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yake. Kila safari ina ugonjwa wake.

Kupima si kazi ngumu. Simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta. Kama mtandao ni mzuri hapo, lakini chumbani unasuasua, mnara hauna kosa. Kosa ni kuta za tofali, milango ya chuma na mahali ulipoweka ruta. Wengi wetu huificha kabatini au nyuma ya televisheni kwa kuogopa wezi. Iwekwe juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Pia ruta nyingi zina masafa mawili: ya 5 GHz ni ya kasi lakini huchoka haraka kwenye kuta, na ya 2.4 GHz ni ya polepole lakini hufika mbali zaidi. Aliye chumba cha mwisho achague haya ya pili.

Ikiwa hata karibu na ruta hali ni mbaya, isogeze dirishani upande wa mnara. Paa la bati huzuia mawimbi, na joto la mchana chini ya bati hilo huweza kuifanya ruta ijizime. Wazee watakumbuka tulivyokuwa tukihangaika na waya wa redio juu ya mwembe ili tuipate Radio Tanzania. Kanuni ni ile ile. Kagua vilevile kama waya wa umeme umelegea, kama kifurushi kimekwisha, na kama neno la siri halijawafikia vijana wa mtaa mzima. Simu 15 zikipakua video kwa pamoja, hata ruta ya bei mbaya itapiga magoti.

Baada ya hapo ndipo tuitazame kampuni. Chukua daftari, andika kwa juma moja saa ambazo mtandao ulikatika. Kama alfajiri ni mzuri, lakini kila siku kati ya saa 2 na saa 4 usiku unakwama, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mnara umeelemewa na watu, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia. Vivyo hivyo tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mtandao ulidorora Tanzania na nchi jirani. Aliyeshinda akibonyeza ruta siku hiyo alijichosha bure.

Mwenye daftari hawezi kujibiwa kwa mkato na wahudumu wa simu kwamba "zima, kisha washa". Apeleke malalamiko kwanza kwa kampuni yake, na asiporidhika ayapeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji.

Nashauri kampuni zinazouza ruta ziweke ndani ya kila boksi karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye maelezo haya. Karatasi nyingi nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama za dawa ya panya. TCRA nayo iwahimize mawakala watenge dakika 10 za kumwelekeza mteja kabla hajaondoka dukani.

Mkulima,
Kilangali, Kilosa.