Maneno Magumu ya Kiingereza: Tuyajue ao Tuyabebe Tu?



Siku hizi mchezo mmoja umeingia katika masomo ya Kiingereza. Mwanafunzi anafungua diksionere, anatafuta neno refu lenye hakuna mtu analijua, analiandika katika kaye, kisha anakuja kuwatupia wenzake kusudi wanyamaze. Wadogo wa darasa za chini wanacheka, lakini kesho yake hawainui tena mkono. Wanaogopa. Mimi nasema: ile si kujua luga. Debe tupu njo linapiga kelele.

Lakini sisemi maneno magumu yaachwe, hapana. Wengine wanasema maneno ya kila siku yanatosha, sababu sisi tunasoma kwa Kifaransa. Hiyo pia si kweli. Neno la nadra linaweza kukipa jina kitu chenye tunakijua tayari. Ile harufu ya udongo wakati mvua ya kwanza inanyesha kisha jua kali, nani hapa haijui? Mwaka 1964 watu wawili wa sayansi katika Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina: "petrichor". Inasomwa pe-tri-koo. "Petra" kwa Kigriki ni jiwe ao mwamba, ni ukoo moja na jina la Petro. Neno kama hilo ukilishika mara moja halitoki tena kichwani.

Basi, neno lijulikane kwa njia tatu.

Kwanza, sauti. Kiswahili kinasomwa vile kinaandikwa, kwa hiyo Kiingereza kinatudanganya macho. "Debt" ni deni, na inasomwa det. Ile b iliingizwa na wenye elimu wa zamani kusudi neno lifanane na Kilatini. "Colonel" inasomwa kenel, l ya katikati haisikiki. "Choir", mwenye kuzoea Kifaransa ataisoma shwar. Lakini ndugu zetu wa Tanzania wanaimba katika kwaya: ni neno lilelile, wameliandika vile sikio lilisikia.

Pili, maana. Kifaransa ni msaada mkubwa, lakini kinatega mitego pia. "Eventually" si "éventuellement". Kifaransa kinasema labda. Kiingereza kinasema mwishowe itakuwa. Ukimwandikia mtu hivyo juu ya deni lake, ukifikiri umesema labda, kumbe umeahidi, na yeye atangojea feza zake.

Tatu, matumizi. Neno lenye hujatia katika sentensi yako mwenyewe, bado si lako, hata kama umeliandika mara mia.

Shauri langu ni hili. Kila siku ya kwanza, wale wa darasa ya mwisho waandike maneno matatu kwenye ubao, matatu tu. Kando ya kila neno watie sauti yake kwa herufi zetu, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja. Siku ya tano wadogo waulizwe wa kwanza, na mtu asiwacheke. Na mwenye kuleta neno, alieleze. Akishindwa, alirudishe kwanza katika diksionere.

Ninyi munaonaje? Andikeni, gazeti hili ni letu sisi wote.