Barua kutoka Skellefteå kwa wapwa zangu wa Ruangwa



Sauti mliyonitumia nimeisikiliza mara tatu nikiwa nimeegesha basi mwisho wa ruti. Mmeniuliza: "Mjomba, kinywe kinachimbwa hapa kwetu na kinaingia kwenye betri za magari. Kwa nini kiwanda cha betri kisijengwe Ruangwa?" Swali ni la haki, nanyi mmemuuliza mtu anayeishi katika mji ambao kiwanda cha namna hiyo kilijengwa na kikafilisika akiona. Simu haitoshi, ndiyo maana naandika.

Skellefteå iko kaskazini mwa Uswidi. Wilaya nzima ina watu 75,000 hivi, na wakati wa baridi jua huonekana saa chache tu. Kinachoupa mji huu thamani ni mto, maana maporomoko yake hutoa umeme mwingi kwa bei nafuu. Huo ndio umeme ulioivuta Northvolt, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2016 na Peter Carlsson na Paolo Cerruti, wote wawili waliowahi kufanya kazi Tesla. Walitaka kampuni za magari za Ulaya zipate betri karibu, bila kutegemea China, Korea na Japani. Volkswagen ikaingia kama mwanahisa mkubwa. BMW, Scania na Volvo zikaweka oda. Mtaji, mikopo na ahadi za fedha vilifika dola bilioni 15. Seli ya kwanza ya betri ilitoka siku za mwisho za Desemba 2021, na mji ukashangilia kweli.

Mimi niliuona ushangiliaji huo kwenye kioo cha dereva. Basi la alfajiri lilikuwa likijaa watu kutoka India, Nigeria, Ukraine, Brazili, vijana wenye shahada na wengine wenye mikono tu, wote wakienda zamu. Kiwandani kulikuwa na watu wa mataifa zaidi ya 100.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penye jibu lenu. Abiria wangu mmoja, mhandisi, alinieleza kazi yenyewe kwa miezi mingi, kituo baada ya kituo. Kinywe husagwa, kikaviringishwa kuwa chembe za duara, kikasafishwa hadi uchafu uishe kabisa. Kisha hukorogwa na gundi kama uji, na uji huo hupakwa juu ya utando wa shaba mwembamba kuliko karatasi. Upande wa pili wa seli una uji mwingine, wa nikeli na wenzake, juu ya utando wa alumini. Utando hukaushwa, hugandamizwa, hukatwa na kukunjwa ndani ya chumba chenye hewa kavu mno, kiasi kwamba hata unyevu wa pumzi za wafanyakazi huhesabiwa. Baadaye seli hutiwa kimiminika chake, huchajiwa polepole kwa mara ya kwanza, kisha hulazwa na kuangaliwa. Chembe moja ya chuma ikipenya, seli hiyo ni takataka, au mbaya zaidi, ni moto unaosubiri siku yake.

Kutengeneza seli moja nzuri, maabara nyingi zinaweza. Kazi ni kutengeneza milioni moja zinazofanana. Uji ukizidi uzito kidogo asubuhi ya Jumanne, hasara utaiona wiki kadhaa baadaye, wakati rundo zima limeshaharibika. Anayeijua mashine kwa kuisikia tu inavyolia ni fundi aliyekaa nayo miaka. Mafundi hao wako Asia, ambako kazi hii imefanywa miongo mitatu, na hapa ilibidi watu wajifunze huku oda zikiwa zimeshatiwa saini na viwanda vingine vikitangazwa Ujerumani na Kanada. Mwaka 2023 uzalishaji wa hapa haukufika hata asilimia 1 ya uwezo uliotajwa. Juni 2024 BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2. Novemba Northvolt ikaomba kinga ya mahakama Marekani, ikiwa na madeni ya dola bilioni 5.8, na tarehe 12 Machi 2025 ikatangaza kufilisika hapa Uswidi.

Wiki zilizofuata niliendesha basi la alfajiri likiwa na watu wanne, watatu. Mgeni mwenye kibali cha kazi aliyepoteza ajira alipewa miezi mitatu apate nyingine, la sivyo aondoke nchini. Nilibeba mabegi ya familia hadi kituo kikuu. Watoto wao walishakijua Kiswidi kuliko mimi. Agosti 2025 kampuni ya Marekani, Lyten, ilitangaza kwamba inanunua kiwanda; naomba ifanikiwe, kwa ajili ya waliobaki.

Nilipoyaona hayo nilimkumbuka babu. Mnakumbuka alivyotuonyesha tuta la reli ya Nachingwea? Waingereza waliijenga kwa Mpango wa Karanga waliokuja nao mwaka 1947, Kongwa, Urambo na kwetu kusini. Walishusha matrekta kabla hawajaujua udongo wala mvua. Mwaka 1951 waliacha, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda, na reli yenyewe baadaye iling'olewa. Haraka ile ile nimeiona tena huku, miaka sabini baadaye, kwa watu wenye pesa, umeme na vyuo vikuu.

Kwa hiyo sisemi msitamani kiwanda. Nasema msianze na jengo. Serikali yetu ya Tanzania ina hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi hii kwa sheria, na hilo ni jema, lakini hisa haimfundishi mtu kukoroga uji. Zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri husafishwa China, na mwishoni mwa 2023 China iliweka masharti ya kukiuza nje. Dunia inatafuta msafishaji mwingine. Hapo ndipo pa kushika: kusaga, kuviringisha, kusafisha na kupima. Wakija wawekezaji kwenye mkutano wa kijiji, ombeni barabara na zahanati, halafu ulizeni pia: maabara itakuwa wapi, na vijana wangapi wa hapa watapelekwa kujifunza, kwa miaka mingapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Na wewe uliyekwenda Dar kutengeneza bodaboda za umeme, usiione kazi hiyo ndogo. Unafungua betri, unapima seli moja moja, unajua ipi imechoka. Watu wa hapa walilipa mabilioni kuutafuta ujuzi unaoanzia hapo hapo.

Yule mhandisi amepata kazi mji mwingine, bado tunaongea. Amekubali kuzungumza na kidato cha nne kwa simu, Jumamosi moja, mimi nikitafsiri. Mwambieni mwalimu wa kemia akusanye maswali anitumie kabla ya mwisho wa mwezi, na yawe magumu.

Mjomba wenu