Msanii Asiyejua Kiingereza Si Msanii?

Mapema katika miaka ya tisini, katika mji wa Zagreb, msanii mmoja wa Kroatia alichukua kitambaa akakiandika sentensi moja kwa Kiingereza, mithili ya bango la mkutano wa hadhara. Maana yake ilikuwa kwamba msanii asiyeweza kuzungumza Kiingereza si msanii. Mwenye bango hilo aliitwa Mladen Stilinović. Wapo wanaolisoma wakacheka, na wapo wanaoitikia kwa kichwa wakidhani ni nasaha. Kwa maoni yangu, sisi walimu na wanafunzi hatuna budi kulisoma mara ya pili.

Stilinović alizaliwa Belgrade mwaka wa 1947, akaishi na kufanya kazi Zagreb, akafariki mwaka wa 2016. Hakufunzwa katika chuo cha sanaa, alijifunza mwenyewe. Kuanzia mwaka wa 1975, yeye na wenzake watano, mmoja wao akiwa ndugu yake Sven, walianza kuonyesha kazi zao bila kungoja kualikwa na majumba ya maonyesho. Walizitandaza barabarani, kando ya mto na katika viwanja vya chuo kikuu, na wapita njia wakawa ndio watazamaji.

Wakati huo Kroatia ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, na usemi wa chama tawala ulienea kotekote. Mwaka wa 1977 Stilinović alitengeneza bango lililotangaza kwamba kuishambulia sanaa yake ni kuushambulia ujamaa na maendeleo. Aliuazima usemi wa wakubwa kama mtoto avaavyo koti la babake: likampwaya, na kwa kumpwaya huko watu wakapata kuona lilivyoshonwa. Hilo ndilo lililomshughulisha maisha yake yote, yaani jinsi lugha ya wenye nguvu inavyopenya katika vinywa vya watu wa kawaida hata wakaidhani ni yao.

Mwaka wa 1991 Kroatia ilijitangazia uhuru, na vita vilivyofuata havikukoma hadi mwaka wa 1995. Lugha iliyokuwa ikiitwa Kiserbia-Kikroatia ikawa rasmi Kikroatia. Mabango ya chama yaliteremshwa, soko la kimataifa likabisha hodi, nalo lilikuja na lugha yake. Ndipo Stilinović akatundika bango la Kiingereza. Tazama basi: mwaka wa 1977 alisema kwa lugha ya chama, na katika miaka ya tisini akasema kwa lugha ya soko. Mabwana walikuwa wamebadilika, lakini sharti la kusema kama bwana asemavyo lilibaki palepale.

Kama mwanaisimu, navutiwa na jambo moja zaidi. Lau sentensi hiyo ingeandikwa kwa Kikroatia, ingekuwa malalamiko ya nyumbani, nayo yangeishia nyumbani. Kwa kuandikwa kwa Kiingereza imekuwa shahidi wa dai lake yenyewe, maana anayeisoma na kuielewa tayari yumo ndani ya lango, ilhali anayetengwa nayo hawezi hata kujua kwamba ametengwa. Kejeli hiyo ina uchungu. Kati ya mwaka wa 2000 na 2003 Stilinović alirudi kwenye jambo hilohilo. Alichukua kurasa za kamusi ya Kiingereza, akafuta fasili zote kwa rangi nyeupe, na mbele ya kila kidahizo akaandika neno lenye maana ya maumivu.

Yamkini msomaji atauliza: je, si Kiingereza hichohicho kilichomsaidia kazi zake zikafika Venice mwaka wa 2003 na Kassel mwaka wa 2007? Naam, kilimsaidia, wala sina ugomvi na lugha hiyo. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kugeuza chombo kuwa kipimo. Jahazi hukuvusha bahari, lakini nahodha hana haki ya kukuambia kwamba asiyepanda jahazi lake si mtu. Stilinović alikipanda chombo hicho, ila hakuacha kuuliza nani aliyepanga nauli.

Swali hilo linatuhusu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, wengi wetu tunakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mamake shuleni. Kibao hicho kilikuwa bango la Stilinović bila kejeli yake. Kilimaanisha hasa kilichosema. Nami sijitoi lawamani. Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu sentensi za Kiswahili, lakini niliiandika kwa Kiingereza. Mzee wangu, aliyenifunza Kiswahili chenyewe, aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akaifunga, akaiweka kabatini. Hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa niliyoyasema juu ya lugha yake.

Ndugu mwalimu, kila siku darasani yupo mtoto mwenye wazo zuri na Kiingereza kibovu. Aghalabu tunasahihisha Kiingereza na wazo tunaliacha lipotee. Mpe nafasi alieleze kwanza kwa lugha aimudiyo, ulipime wazo kwa uzito wake, kisha umfunze Kiingereza cha kulisafirisha. Nawe mwanafunzi, jifunze lugha hiyo kwa bidii zote, lakini usikubali kuambiwa kwamba kabla ya kuijua hukuwa na akili. Stilinović alikuwa msanii tangu siku zile alipotandaza kazi zake barabarani mwa Zagreb, wala wapita njia hawakumtaka kwanza aseme Kiingereza.