UTI sugu na sindano zinazogoma: Nani anahesabu bakteria wa hospitalini?

Neno "UTI sugu" siku hizi liko kila mahali. Utalisikia kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp na kwa wauza dawa za asili mtandaoni. Wengi tunalitumia kwa UTI yoyote inayorudi rudi.

Hospitalini neno hilo lina maana yake kamili. Bakteria ameoteshwa maabara, amewekewa dawa, na hajafa. Tatizo ni kwamba kwa wagonjwa wengi kipimo hicho hakifanyiki kabisa.

Takwimu zinasemaje?

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kati ya kila maambukizi 6 ya bakteria yaliyothibitishwa maabara mwaka 2023, moja lilikuwa sugu kwa antibiotiki. Kwa kanda ya Afrika ni moja kati ya 5.

Wanaotisha zaidi ni bakteria wawili wanaoishi tumboni: E. coli na Klebsiella pneumoniae. Duniani, zaidi ya asilimia 40 ya E. coli na zaidi ya asilimia 55 ya Klebsiella hawasikii tena dawa za kundi la seftriaksoni. Kwa Afrika, usugu huo unapita asilimia 70.

Seftriaksoni ni ile sindano ambayo karibu kila aliyewahi kuuguza ndugu wodini anaijua. Ndiyo inayotegemewa kwa homa kali, kwa wajawazito, kwa watoto na kwa waliofanyiwa upasuaji.

Wanatoka tumboni wanafikaje kwenye damu?

Iko hivi. Bakteria hawa wakikaa kwenye utumbo, kwa kawaida hawana shida na wewe. Shida inaanza wakihama: kupitia mpira wa mkojo, mshono wa upasuaji, njia ya dripu au kitovu cha mtoto mchanga. Ndiyo maana hospitali ni uwanja wao mzuri.

Pia wanapeana usugu. Bakteria mmoja anaweza kumrithisha mwenzake kipande cha vinasaba chenye uwezo wa kuishinda dawa, hata kama si wa aina moja. Mikono isiyonawiwa inawatoa kitanda hiki na kuwapeleka kile.

Na ukimeza antibiotiki kwa mafua ya kawaida, unaua bakteria dhaifu wa tumboni na kuwaachia nafasi walio sugu. Huumwi wala hujui unao. Unaweza kujua siku ya kujifungua kwa upasuaji, kidonda kinapogoma kupona.

Si jambo la jana

Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa 2007, ulifuatilia watoto waliolazwa. Waliokutwa kwenye damu na bakteria wa kundi ambalo E. coli na Klebsiella wamo, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2.

Watafiti walibaini pia kuwa mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria ameshaizoea alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Yaani dawa ilitolewa, lakini haikuwa na kazi. Zaidi ya miaka 20 imepita, na malaria imepigwa vita kweli kweli. Vita hii nyingine bado haina hata hesabu kamili.

Asilimia 70 ya nani?

Hapa inabidi tuwe makini. Kwenye hospitali nyingi, sampuli inapelekwa kuoteshwa pale ambapo mgonjwa ameshapewa dawa na hajapona. Ukipima walioshindikana tu, lazima usugu uonekane mkubwa. Hata WHO inatahadharisha kuwa nchi zenye upimaji dhaifu zinaweza kutoa picha isiyo halisi.

Hiyo haina maana kwamba hali ni nzuri. Maana yake ni kwamba hatujui ni mbaya kiasi gani, wala iko wapi zaidi.

Sababu ni maabara. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliangalia nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Kati ya maabara takriban 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria.

Hata palipo na maabara, kuotesha vimelea huchukua siku mbili hadi tatu. Daktari mwenye mtoto anayezidiwa hawezi kusubiri, anaanza dawa kwa kukisia. Ili akisie vizuri, anahitaji takwimu za hospitali yake: mwaka huu, bakteria wa wodi hii wanakufa kwa dawa gani?

Asipokuwa nazo, anakimbilia dawa kubwa zaidi kama meropenemu. Ikitumiwa sana nayo itagoma, na ikishagoma zinabaki dawa chache, ghali, ambazo hospitali nyingi za wilaya hazina.

Nani atalipa?

Swali hili sasa ni la moto. Julai 2025, Uingereza ilitangaza kusitisha fedha za Fleming Fund, mfuko uliokuwa ukisaidia ufuatiliaji wa usugu Afrika na Asia. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa wanufaika.

Tanzania ina mpango kazi wa pili wa taifa kuhusu usugu, wa 2023 hadi 2028. Septemba 2024, nchi zilikubaliana Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu wa bakteria kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Lakini huwezi kuonyesha umepunguza vifo ambavyo hukuwahi kuvihesabu.

Kwa hiyo kipimo cha kupima ukweli wa ahadi hizi ni bajeti. Je, kuna fedha za ndani za chupa za sampuli, vitendanishi na mishahara ya wataalamu wa maabara? Na mgonjwa asiye na uwezo, kipimo hiki anakipataje?

Wewe unayeuguza unaweza kuanza na jambo moja. Kama ndugu yako yuko kwenye sindano siku ya pili au ya tatu na homa haishuki, muulize daktari kwa heshima: "Sampuli imepelekwa kuoteshwa?"

Majibu yakija, ndugu yako anaweza kubadilishiwa dawa. Na yakiingizwa kwenye takwimu za hospitali, atakayelazwa kitanda hicho mwezi ujao hatatibiwa kwa kubahatisha.