Brashi za Farasi Haziazimwi!

Mwezi huu tuache kidogo yale mambo ya simu za wapenzi, tuingie bandani. Najua wengine mnacheka: "Dada, farasi tena?" Ndiyo, farasi. Hapa Arusha wapo wapenzi ambao Jumamosi hawaonekani klabu, wanakwenda kupanda farasi, na mimi na mume wangu tumo. Tunaye jike mmoja, Mawingu, na kwa kweli ndiye mtoto wetu wa kwanza.

Sasa, ugomvi wetu mkubwa wa mwaka jana haukuhusu pesa wala mawifi. Ulihusu brashi. Mume wangu ni mtu wa watu. Kwake yeye kumnyima jirani wa bandani brashi ni sawa na kumnyima chumvi. Akaiazimisha, ikarudi, maisha yakaendelea. Baada ya wiki kama mbili Mawingu akatokwa na viduara visivyo na manyoya pale unapopita mkanda wa tandiko. Siku chache baadaye, duara jekundu lenye muwasho likajitokeza mkononi kwangu! Daktari wa mifugo akatuambia ni fangasi wa ngozi, ndugu wa yale mapunye ya kichwani. Tandiko likawekwa pembeni karibu miezi miwili, na nyumbani kukawa na baridi ya aina yake.

"Lakini farasi wake alikuwa mzima," mume wangu akawa anajitetea. Hapo ndipo penye mtego, jamani. Dalili huweza kuchukua wiki moja hadi tatu, au zaidi, kabla ya kuonekana, na vimelea vya fangasi hawa hukaa hai kwenye brashi kwa miezi. Kwa hiyo kumwangalia tu farasi wa mwenzako hakukusaidii kitu.

Basi usafi wenyewe uko hivi. Kila ukimaliza kumswaki farasi, toa manyoya yaliyonasa na ukung'ute vumbi. Kile kichanuo cha chuma mnachokiona bandani ni cha kukwangulia brashi laini, si cha kumparuza mnyama! Halafu kila wiki moja au mbili, osha. Maji ya vuguvugu na shampuu kidogo vinatosha. Brashi yenye mgongo wa mbao usiitumbukize yote kwenye ndoo. Chovya nywele zake tu, maana mbao ikinywa maji huvimba, hupasuka, na nywele zinaanza kung'oka. Suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki itamwasha farasi. Anika nywele zikitazama chini, kivulini penye upepo. Ukiigeuza juu, maji yote yanashukia kwenye mbao.

Kama kuna fangasi, shampuu peke yake haitoshi. Brashi za plastiki zioshe kwanza zitakate, kisha ziloweke dakika kumi kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa kumi za maji. Uchafu ukibaki, klorini inaishiwa nguvu. Vaa glavu, fanyia nje, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Kisha suuza sana. Zile za mbao na nywele asilia klorini huzila, kwa hiyo ikiwa zimegusa farasi mgonjwa, mimi nasema tupa. Ndiyo, hata kama ni ile ya bei mbaya mliyopewa zawadi ya harusi. Yetu ilikuwa hiyohiyo, na mume wangu aliitupa mwenyewe bila neno.

Ila kumwambia mwanaume mkarimu aanze kunyima watu ni kutafuta ugomvi mwingine. Tulichofanya ni kununua seti ya pili, ya plastiki tupu, bei ya kawaida, tukaiweka kwenye ndoo nyekundu mlangoni: brashi za wageni. Mtu akizirudisha, yeye mume wangu ndiye anayezisugua na kuzitia klorini kabla hazijaazimwa tena. Juzi nilimkuta na glavu mpaka kwenye viwiko, anaimba. Brashi za Mawingu zina jina lake na hazitoki kwenye sanduku. Mtu akiziomba, mume wangu anamjibu, "Muulize mwenyewe."

Haya, tukutane mwezi ujao. Tutarudi kwenye simu, naahidi.