Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Kaka yangu wa hapa Gisenyi ataka kukopa faranga 10,000,000 anunue nyumba, kwa riba ya 11 kwa mia kila mwaka. Aliniambia, "Nitalipa kwa miaka 20, mzigo uwe mwepesi." Nikatwaa kalamu nikapiga hesabu.

Kwa miaka 20 atatoa faranga 103,219 hivi kila mwezi. Jumla yapata 24,772,500. Kwa miaka 10 atatoa 137,750, jumla 16,530,000. Basi, kwa kupunguziwa 34,500 hivi kila mwezi, atazidisha malipo zaidi ya milioni 8! Deni likikaa, riba huzaa.

Wengine husema mwenye mshahara mdogo hana budi kuchukua muda mrefu. Sikatai, lakini aulize kwanza kama aweza kulipa mapema bila faini. Na bima je? Mwezi Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipolipuka, matetemeko yalipasua nyumba nyingi mjini hapa. Nyumba hupasuka, deni halipasuki.

Kwa maoni yangu, hesabu ya riba si ya mtihani tu. Tuwapigie ndugu zetu kabla hawajatia sahihi.