Injini Kubwa Katika Motokaa Ndogo

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kubadilisha injini ya motokaa humalizika siku ile boliti ya mwisho inapokazwa na injini mpya ikanguruma. Kwa hakika siku hiyo ndiyo kazi inapoanza. Kufunga injini ni kazi ya winchi, spana na mchomeleaji. Kuifanya motokaa hiyo impeleke mama sokoni na watoto shuleni bila kuchemsha, bila kuzimika kwenye njia panda, wala kumshinda dereva kwenye kona, ni kazi ya subira, na mafundi wengi hawaipendi kwa sababu haina sifa mbele ya watazamaji.

Mfano unaofaa kutazamwa ni ule wa Sunbeam Tiger ya Uingereza. Kampuni ya Rootes ilikuwa ikiunda motokaa ndogo ya wazi yenye viti viwili, iitwayo Sunbeam Alpine, yenye injini ya silinda nne. Sura yake ilipendeza, lakini wanunuzi wa Marekani waliiona haina nguvu. Ian Garrad, aliyesimamia mauzo ya Rootes katika majimbo ya magharibi ya Marekani, alikuwa ameona jinsi Carroll Shelby alivyoitia motokaa ya AC, nayo ya Uingereza, injini ya Ford ya V8 mwaka 1962 na kuiita Cobra. Basi akamtuma Walter McKenzie, msimamizi wa huduma, azunguke kwa wauza magari akiwa na fimbo ya kupimia, atafute V8 itakayoingia ndani ya Alpine. Iliyofaa ilikuwa Ford ya lita 4.2. Kwa urefu iliizidi injini ya zamani kwa inchi tatu na nusu tu. Taabu yote ilikuwa upana.

Ken Miles, dereva wa mashindano na fundi hodari, aliifunga injini hiyo kwa muda wa kama wiki moja, ili ijulikane tu kama jambo lenyewe lawezekana. Shelby naye alikabidhiwa Alpine ya pili, kwa dola 10,000, aitengeneze kwa makini zaidi. Motokaa iliyotokana na kazi hiyo ilionyeshwa New York mwezi Aprili 1964, na kiwanda cha Jensen huko West Bromwich kikaziunda zipatazo 7,000 hadi mwaka 1967. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba wafanyakazi walilazimika kugonga kwa nyundo ukuta wa bati uliotenga injini na abiria, tena ukiwa umekwisha kupakwa rangi. Nguvu za farasi zilifika 164, maradufu ya zile za Alpine. Mpaka leo wenye Tiger wangali wakiifanyia kazi ile ambayo kiwanda hakikuimaliza, na fundi yeyote mwenye motokaa ya namna hii aweza kujifunza kwao.

Jambo la kwanza ni joto. Sehemu kubwa ya joto la petroli haigeuki kuwa mwendo. Hutoka kwa bomba la moshi na kwa maji ya rejeta. Injini ikikua, joto hilo nalo hukua, lakini mdomo wa motokaa hubaki ule ule mdogo. Motokaa ikienda kasi upepo husaidia. Ikikwama katika msururu wa magari mjini, saa saba mchana, sindano ya joto huanza kupanda. Fundi mvivu hununua rejeta kubwa na kudhani amemaliza. Fundi mwangalifu huanza kwa kutazama hewa inapita wapi, kwa maana hewa hupenda njia rahisi: ikiona mwanya kando ya rejeta itapita hapo na kuiacha rejeta na joto lake. Mianya hiyo yapasa kuzibwa kwa bati au mpira. Feni nayo izungushiwe kizingio, ili ivute hewa kupitia rejeta nzima, si ile sehemu iliyo mbele ya mapanga yake tu. Katika Tiger kazi hii ya bati na mikasi, ambayo gharama yake ni ndogo, huleta nafuu kubwa.

Joto lina sababu nyingine ambayo wengi hawaishuku, nayo ni moto wa plagi. Cheche ikichelewa, petroli huwaka wakati pistoni imekwisha kuanza kushuka. Nguvu hupungua, na moto hutoka ungali mkali, ukichemsha vichwa vya injini na mabomba. Ubavuni mwa disitributa mna kidude cha mviringo chenye kijibomba cha mpira kinachokwenda kwenye kabureta. Kazi yake ni kuiwahisha cheche pale dereva anapoendesha kwa utulivu, kwa sababu wakati huo mchanganyiko ulio ndani ya silinda ni mwepesi na huwaka polepole. Wapenda mashindano hukitoa. Wao huendesha mguu ukiwa umekandamiza hadi chini, kwa hiyo hawana haja nacho. Mtu wa mjini anayewaiga hulipa kwa petroli nyingi na maji yanayochemka. Kidude hicho kirudishwe, kisha cheche ipimwe kwa taa ya taimingi, wala si kwa sikio. Ikiwahi mno nayo, injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni hutoboka.

Kabureta ndiyo mahali ambapo majivuno huharibu motokaa nyingi. Hesabu ni rahisi. Injini ya Tiger huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 4,400 kwa dakika, hata silinda zikijaa kabisa, haiwezi kuvuta zaidi ya lita 9,400 za hewa; na kwa kuwa hazijai kabisa, ni kama lita 8,000. Lakini kuna watu wanaoifungia kabureta yenye uwezo wa lita 17,000. Katika koo pana kiasi hicho hewa hupita polepole, haiwezi kuinyanyua petroli na kuipasua vizuri, na matokeo yake ni motokaa inayositasita inapoondoka, inayonuka petroli, na kuzimika mbele ya askari wa barabarani. Kabureta ya kadiri, iliyosafishwa na kurekebishwa injini ikiwa na joto lake la kazi, hushinda ile kubwa katika kila safari ya kawaida.

Gia na difu zapasa kulingana na injini. Hapa Rootes walifanya vema. Alpine ilikuwa na difu ya uwiano wa 3.89, Tiger ilipewa ya 2.88. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, injini ya Tiger huzunguka kama mara 2,600 kwa dakika, ambapo kwa difu ya zamani ingezunguka mara 3,500. Ndiyo maana Tiger yaweza kusafiri mbali kwa utulivu. Anayetia injini kubwa na kuiacha difu ya injini ndogo hupata makelele, na masikio ya watoto hayapumziki.

Sasa breki, na hapa hapana mzaha. Kazi ya breki haiongezeki sawasawa na kasi: motokaa iendayo kilomita 140 kwa saa ina nguvu ya kuvunja karibu maradufu ya ile iendayo 100. Uzito nao umeongezeka, tena mbele. Kwa hiyo diski, pedi, mipira ya breki, tairi, springi na shokamzoba zitengenezwe kabla injini haijaguswa ili kuongezwa nguvu, si baadaye fedha zikibaki, kwa sababu hazibaki. Tiger iliongezewa ufito unaovuka nyuma ili ekseli isiyumbe upande chini ya nguvu mpya. Usukani wake pia ulibadilishwa ili kupisha injini, na mabadiliko hayo yakaacha kasoro: katika kona kali magurudumu ya mbele hayapindi kwa kulingana ipasavyo, na tairi hukwaruza lami. Wenye Tiger hurekebisha mikono ya usukani kuondoa kasoro hiyo.

Si kila injini kubwa huleta taabu zote hizi. MGB GT V8, iliyoundwa kati ya mwaka 1973 na 1976, ilitiwa injini ya Rover ya lita 3.5, ile ile wanayoijua waliowahi kuendesha Range Rover. Kwa kuwa imeundwa kwa aluminiamu, haikuwa nzito kuliko ile ya chuma ya silinda nne iliyoondolewa, na motokaa haikuwa na pua nzito kwenye kona. Anayechagua injini na autazame uzito kwanza, nguvu baadaye.

Kazi ikimalizika motokaa iendeshwe kama kilomita 500 kwa upole, kisha boliti zikazwe upya na plagi zifunguliwe. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi ni petroli iliyozidi. Weupe ni joto la hatari. Katika Tiger plagi ya nyuma kushoto haifikiwi kutoka chini ya boneti. Kiwanda kiliacha tundu lenye kifuniko cha mpira katika ukuta wa bati, na fundi huinama ndani ya motokaa, penye miguu ya abiria, ili kupitisha spana yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi huziangalia plagi saba na kuiacha hiyo ya nane, nayo hukaa upande wa nyuma wa injini, mbali na upepo wa feni.

Namba ya injini mpya nayo iandikishwe katika kadi ya motokaa na kuarifiwa kwa watu wa bima kabla ya safari ya kwanza. Askari anayefungua boneti hulinganisha namba iliyochorwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye karatasi.